Tairi la Kung'aa, Umri wa Kusoma

(Mhadhara kwa madereva na wenye magari, Ilala, Dar es Salaam)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Tairi hili mnaliona. Kashata, yaani meno ya tairi, zimejaa, limepakwa dawa ya kung'arisha, jeusi tititi. Ukilikuta limening'inizwa dukani utadhani limetoka kiwandani jana. Kijana, njoo utusomee. Hapo ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Usipoziona upande huo, geuza. Soma kwa sauti.

Tatu, moja, moja, mbili. Ahsante. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: wiki ya 31 ya mwaka 2012. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya 2000, labda ukapandie maua.

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Oksijeni inaupenya, unakauka, na pale uliposhikana na mikanda ya waya ndani panaanza kuachia. Jicho halioni. Sasa unatoka mjini na abiria saba, mizigo juu, upepo pungufu kwa sababu hukupima. Tairi linajikunja kila mzunguko, linapata joto, na ukifika upande wa Chalinze jua limekolea, kashata zinabanduka kama gamba. Dereva anasema, "Lilipasuka ghafla." Ghafla gani? Lilikuwa linaachia miaka yote hiyo. Ndiyo maana watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na wengi wa matairi huweka mwisho miaka 10, hata kama kashata zimebaki.

Tena kuna ya mtumba kutoka Japani yaliyoandikwa STUDLESS. Hayo ni ya barafu. Mpira wake ni laini ili usikakamae kwenye baridi. Kwa joto letu hili unalegea, unaisha haraka, na breki inachelewa kushika. Muuzaji atakwambia kashata nzito. Kweli ni nzito.

Haya, watu wa rimu, msicheke. Gari limetoka kiwandani na tairi la saizi 195/65R15, wewe unafunga 205/65R16. Gurudumu limekuwa kubwa kwa asilimia 6. Saa ya mwendo inakuonyesha 80, wewe unakimbia karibu 85. Ukikata kona umepakia, tairi linakwangua matao ya bodi juu yake. Na ukiweka spesa, kile kipande cha nyuma ya rimu, ili rimu zitokeze nje, mzigo unahamia kwenye beringi na stadi, yaani boliti za gurudumu. Nati nazo: kuna rimu za nati yenye kitako cha koni, nyingine za nati yenye kitako cha mviringo. Ukichanganya, nati inakaza mkononi lakini haijakaa, na gurudumu linaanza kucheza barabarani.

Mzee wangu pale nyuma ameuliza: gari lake la mtumba la mwaka 2007, matairi manne amenunua mapya, kuna shida gani tena?

Mzee, spea umeitazama? Magari mengi haya yanashuka bandarini na spea ileile ya kiwandani. Haijagusa lami hata siku moja, vinyweleo vyake vya mpira bado vipo. Ina umri wa gari. Na ndiyo utakayoifunga usiku, peke yako, ukiwa na haraka ya kufika.