Kengele Katika Dripu: Dawa za Kuvu na Askari wa Damu

Mhadhara uliotolewa Jumamosi asubuhi, Kisumu

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika na mvua hii, hasa nyinyi mliotembea kutoka Kondele na Manyatta. Naona walezi wa watoto wanaotibiwa saratani, naona wanafunzi wa famasia na uuguzi, naona na wazee wangu waliokuja kusikiliza tu. Karibuni.

Wauguzi mlio humu mmeshaliona jambo ninaloanza nalo. Mgonjwa wa virusi vya ukimwi ameingiwa na kuvu kwenye utando wa ubongo, ile homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi. Anawekewa dripu ya amfoterisini B. Haupiti muda, anaanza kutetemeka. Meno yanagongana, joto linapanda, blanketi mbili hazimtoshi. Dada yake aliyekaa kando ya kitanda anapiga kelele kwamba dawa inamuua.

Yule dada ameona kweli, ila hajui anachokiona. Kazi ya amfoterisini ni kushika ergosteroli, mafuta yaliyo kwenye utando wa seli ya kuvu, na kuuharibu utando huo. Lakini ikiwa ndani ya damu hukutana pia na chembechembe nyeupe. Zile kubwa zinazomeza viini, makrofaji, zina vipokezi vya kutambua adui, na kimojawapo huitwa TLR2. Amfoterisini hukigusa kipokezi hicho jinsi kipande cha bakteria kingekigusa. Makrofaji hudhani bakteria wamevamia, humwaga kemikali za kuita msaada, TNF ikiwemo, na mwili mzima hutetemeka. Dawa imetoka kwa kijidudu cha udongo kilichookotwa karibu na mto Orinoco, Venezuela, miaka ya 1950, na hapa inagonga kengele ya kinga ya mtu wa Kisumu.

Swali langu la leo linatoka kwenye kengele hiyo. Ikilia, je, askari wanaoua seli za saratani nao huamka?

Kwanza tuwajue askari. Nitakaa na kundi moja tu, seli za NK, yaani wauaji wa asili. Hizi huzunguka zikikagua vitambulisho. Kila seli yako yenye afya hubeba kitambulisho juu ya utando wake. Seli nyingi za saratani huvificha vitambulisho vyao ili seli T, askari wa kundi lingine, zisizitambue. NK kazi yake ni hapo: asiyeonyesha kitambulisho ndiye anayeshukiwa. Lakini kushuku si kuua. Ni lazima NK imkamate mshukiwa, ijibane naye utando kwa utando, igeuze ghala lake la silaha lielekee pale walipogusana, kisha iachie perforini, ambayo hutoboa, na granzaimu, ambazo huingia kwenye tundu na kuifanya seli ya saratani ijivunje kutoka ndani.

Katika hatua hizo zote, mimi huheshimu zaidi ile ya kukamata. Mtoto wa Dunga, ufuo wetu wa wavuvi hapa Kisumu, anajua kumwona kamongo, samaki yule mtelezi, ni jambo moja na kumshika kwa mkono mtupu ni jambo jingine. Askari wengi wa damu hushindwa hapo. Wanamwona adui, wanamgusa, anawateleza.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa maabara ambapo seli za NK za binadamu zilitiwa amfoterisini B kisha zikakutanishwa na seli za saratani ya ini. Ziliua zaidi. Watafiti walipotafuta sababu, waliona NK zimeongeza juu yake protini ya kunasia, CD11a, na kwa hiyo zilishikana na adui kwa wingi zaidi. Ghala la silaha nalo liligeukia adui vizuri zaidi. Kwa maneno ya Dunga, dawa iliwapa askari mikono mikavu.

Nilifurahi sana niliposoma hayo, na bado nafurahi. Ila yalitokea kwenye kisahani cha maabara. Ndani ya mtu, amfoterisini huumiza figo na kushusha potasiamu na magnesiamu. Kwa kriptokokasi, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya ile iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, ikifuatiwa na siku 14 za dawa nyingine mbili za kuvu, flusitosini na flukonazoli. Kuimimina kila wiki ili kuwaamsha askari wa saratani ni jambo ambalo hakuna daktari mwenye akili atakufanyia.

Sasa tugeuke, maana dawa nyingine kutoka rafu hiyo hiyo imeonekana kwenda kinyume.

Mnayajua magugu maji. Yakisukumwa na upepo hujikusanya kuwa visiwa, na ndege hutua juu yake kwa makundi. Utando wa seli nao una visiwa, vimeundwa kwa kolestero, na baadhi ya protini hutua hapo. Protini moja ya aina hiyo ni CD20, iliyo juu ya seli B, chembechembe nyeupe za kundi jingine, hata zikigeuka kuwa saratani ya limfu. Kuna dawa inayoitwa rituksimabu, kingamwili iliyotengenezwa ishike CD20. Ikishika, huacha mkia wake ukining'inia nje, NK huuona mkia, hukamata na kuua. Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi CD20 zinapokusanyika kisiwani.

Itrakonazoli, kidonge cha fangasi, huingilia utengenezaji wa ergosteroli ya kuvu. Mafuta yetu nayo hayasalimiki yote. Mwaka 2010 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba itrakonazoli huzuia CD20 kukusanyika visiwani, na rituksimabu ikapungua nguvu. Dawa za kushusha kolestero zilikuwa zimeshaonyesha jambo linalofanana. Askari ni wale wale na silaha ni zile zile. Kilichobadilika ni uso wa adui.

Ndiyo maana naumia nikipokea kwenye simu ule ujumbe usemao saratani ni fangasi na kidonge cha fangasi kinaimaliza. Unachukua neno moja la kweli, kwamba dawa hizi hugusa kinga na hugusa uvimbe, unalitupa kwa mama aliyekata tamaa. Dawa ipi, dozi gani, ikiwa pamoja na dawa gani nyingine? Ujumbe hausemi.

Naomba niwaambie la mtoto mmoja. Huku kwetu, ukanda wa ziwa wenye malaria nyingi, tuna saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya la mtoto, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda. Hutibika kwa dawa kadhaa, vinkristini ikiwamo. Mtoto huyu alikuwa anaendelea vizuri, taya limeshuka. Kucha zake zikaingia fangasi, nyumbani wakanunua itrakonazoli dukani. Ini hutumia kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 kuivunja vinkristini, na itrakonazoli hukizuia. Dawa ya saratani ikabaki damuni kwa wingi, ikashambulia neva. Alirudi kwetu tumbo limefunga, nyayo zinaburuta chini, analalamika taya linauma. Sisi tuliomhudumia hatukuwa tumemuuliza mama yake swali moja rahisi: anameza nini kingine? Mtoto alichukua miezi kutembea sawasawa. Tangu siku hiyo sijaandika dawa bila kuuliza.

Kuna upande mwingine niupite haraka, kwa sababu ni wa panya. Mwaka 2021 watafiti waliwapa panya wenye uvimbe dawa za kuua kuvu wa tumboni, na mionzi ikafanya kazi vizuri zaidi. Walipoua bakteria badala yake, mionzi ikadhoofika. Maana yake hata kuvu tunaoishi nao wana sauti katika vita hivi.

Nimeulizwa na mama aliyeketi pale mbele, na ni swali zuri. Mtoto wake ana utando mweupe mdomoni tangu aanze dawa za saratani, na kwa haya niliyosema anaogopa kumpa dawa ya kuvu. Hapana, mama, usiache. Mtoto ambaye dawa zimemshushia chembechembe nyeupe anaweza kufa kuvu wakimwingia damuni. Nistatini ya matone hubaki mdomoni na tumboni, karibu yote haiingii kwenye damu, kwa hiyo haigombani na vinkristini. Vidonge ndivyo vya kuulizia kwanza. Umesema chupa unayo kwenye mkoba? Nipitishie hapa niisome.