Si Kila Unachofuma Kiuzwe

Kamwene, akina mama. Na nyie akina baba wawili mliokaa karibu na mlango, kamwene. Msikimbie, sindano hizi haziumi.

Nimeombwa nizungumzie kufuma na utulivu wa moyo. Nitazungumza, ila kwanza nitoe dukuduku langu. Hapa Iringa, baridi hii ya Juni, mtu akikukuta na sweta unalifuma, hata hajaligusa, anauliza: "Unauzaje hilo?" Ukimwambia ni la mjukuu, anakusikitikia: "Mama, una mtaji mkononi, unauchezea." Mimi na biashara hatuna ugomvi. Nawajua wanawake waliosomesha watoto kwa sweta za shule, na nawavulia kofia. Lakini kazi ya oda na kazi ya zawadi hazikai mahali pamoja moyoni. Oda ina tarehe, ina bei, ina mteja anayepiga simu saa tatu usiku. Mkono unakimbia, mabega yanapanda, mshono ukidondoka unaona hela imedondoka. Ya zawadi ukiikosea unafumua mistari mitatu, unaanza upya, na hakuna anayekudai.

Utulivu wenyewe unatoka wapi? Mwaka 1975 daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard, Herbert Benson, alieleza kwamba mtu akirudiarudia neno, sala au mwendo mmoja, na kila akili ikitoroka akairudisha bila kujigombeza, mapigo ya moyo hupungua kasi na pumzi hutulia. Naona wenye tasbihi na wenye rozari mnatazamana. Hilo mlikuwa nalo siku nyingi. Kufuma kunaongeza kitu: unachokirudia kinabaki. Mshono mmoja mbele, mwingine nyuma, nusu saa imepita, na una kipande unachoweza kukishika.

Kuna na utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2013 na Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris. Walikusanya majibu ya wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali, na wanaofuma mara nyingi zaidi ndio waliosema wanajisikia watulivu na wenye furaha zaidi. Ni habari njema, ila msiimeze nzima. Waliojibu ni watu waliokwisha kuipenda kazi hii. Ukiwauliza wavuvi kama samaki ni mtamu, utapata jibu gani?

Mimi nawaambia kabisa: mwanzoni kufuma hakumtulizi mtu. Kunaudhi. Uzi unaubana mpaka sindano haipiti, halafu unaulegeza unapata wavu wa dagaa. Na mishono haifichi siri. Chukua sweta uliyoifuma kwa muda mrefu, inyooshe mezani, utaona mistari iliyobana na iliyolegea. Ile iliyobana mara nyingi unaweza kukumbuka siku hiyo ulikuwa umegombana na nani.

Sasa zawadi. Zawadi zetu nyingi zina deni ndani yake, tusidanganyane. Kwenye kitchen party sufuria zinaandikwa daftarini, nani kaleta nini, ili naye siku yake arudishiwe inayolingana. Sio vibaya, ndivyo tunavyosaidiana. Lakini mikono inahitaji pia kazi ambayo haitarudi na chochote. Ndiyo maana kwa leo nimechagua kofia za watoto njiti.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, mafuta chini ya ngozi ni haba, basi joto linampotea upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Bogotá, Colombia, madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walikuwa na vichanga wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto, wakaanza kuwaweka kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo ndiyo mnayoisikia kwenye wodi zetu ikiitwa kangaruu. Mtoto anakaa pale na nepi, soksi na kofia. Kofia hiyo mtu anaweza kuifuma jioni moja au mbili, na mama atakayeipokea hatakujua, wala hatakupigia simu kushukuru.

Udogo wake usiwafanye mlipue kazi. Sufu inayokwaruza hapana. Tafuteni uzi laini wa pamba. Akriliki, ule uzi wa plastiki, ni rahisi na inafulika, lakini ikishika moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi, na nyumba zetu zina majiko ya mkaa, kwa hiyo mimi siitaki kwa vichanga. Vifungo hapana, vile vishada vya juu hapana, hata kama vinapendeza. Ncha za uzi zichomekeni ndani mpaka zipotee, maana uzi unaoning'inia unaweza kujiviringisha kwenye kidole cha mtoto. Mkimaliza, fueni, anikeni, kisha mwulizeni muuguzi wa wodi anahitaji saizi gani kabla hamjapeleka rundo la saizi moja.

Leo tunaanza na mishono 60 kwenye sindano namba 4, yaani ya milimita 4, miwili mbele, miwili nyuma, ili ukingo uvutike bila kukaba. Mkono wa kawaida utawapa mzunguko wa kama sentimita 27, na kofia itavutika kidogo kichwani. Wenye mkono wa kubana, chukueni sindano namba 4 na nusu. Uzi mweupe upo kwenye ndoo, wa bluu uko hapa mezani. Akina baba, sogeeni huku mbele, taa ya huko mlangoni haifai. Na atakayeniuliza kofia moja tutauza shilingi ngapi, nitamfumulia mstari.