Ridhaa ya Wadaawa: Kesi ya Madai Mbele ya Hakimu wa Shirikisho Marekani

BAKARI: Dada Zuhura, hapa kwetu mwanafunzi wa sheria hufundishwa mapema kwamba wadaawa, yaani pande za kesi, hawawezi, kwa makubaliano yao, kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa. Imekuwaje basi Marekani, wadaawa wakiridhia, kesi ya madai iliyopaswa kuamuliwa na jaji isikilizwe na hakimu mpaka hukumu?

ZUHURA: Huko, kaka, mamlaka yenyewe yametoka kwenye sheria, na ridhaa ni sharti la kuyatumia. Sheria ya mahakimu wa shirikisho ilitungwa mwaka 1968, lakini ni marekebisho ya mwaka 1979 yaliyomruhusu hakimu kuendesha shauri zima la madai, hata linaloamuliwa na jopo la wananchi, na kutoa hukumu ya mwisho. Jaji wa wilaya, yaani wa mahakama ya shirikisho ya ngazi ya kwanza, huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti na hana kikomo cha muda. Hakimu huteuliwa na majaji wa wilaya yake, na aliye wa kudumu hupewa miaka 8 inayoweza kuongezwa. Kusikilizwa na jaji ambaye Katiba inamlinda hivyo asiwe na kikomo cha muda ni haki binafsi ya mdaawa, na kwa hiyo anaweza kuiachia.

BAKARI: Nani aiachie haki ya namna hiyo bila sababu?

ZUHURA: Sababu kubwa ni kalenda. Sheria ya mwaka 1974 inataka kesi ya jinai ianze kusikilizwa ndani ya siku 70, ukiondoa vipindi visivyohesabiwa, kwa hiyo jaji hulazimika kuisogeza kesi ya madai ili kuipisha ya jinai. Hakimu hasikilizi kesi za makosa makubwa ya jinai, na tarehe aliyoipanga ina nafasi nzuri zaidi ya kusimama. Wakili aliyekwisha kumlipia daktari bingwa nauli ili aje kutoa ushahidi anajua thamani ya jambo hilo.

BAKARI: Mimi ningeogopa kwamba nikikataa, jaji ataniona msumbufu.

ZUHURA: Ndiyo maana kanuni ya 73 ya mwenendo wa madai inakataza jaji kuelezwa jibu la mdaawa yeyote isipokuwa wote wawe wameridhia, na akiwakumbusha kuhusu nafasi hiyo lazima awaambie kwamba wako huru kukataa bila kudhurika.

BAKARI: Siri hiyo ina tundu. Wadaawa wakiwa wawili, aliyeridhia anamjua aliyekataa.

ZUHURA: Anamjua, lakini si yeye atakayeandika hukumu. Mimi kinachonisumbua ni shauri la Roell dhidi ya Withrow la mwaka 2003. Mfungwa wa Texas aliwashtaki watumishi wa tiba wa gereza; wadaiwa wawili hawakuwasilisha ridhaa ya maandishi, ila waliendelea mbele ya hakimu mpaka jopo likaamua kwa manufaa yao. Mahakama ya Rufani ikaibua yenyewe hoja ya mamlaka. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema mwenendo wao ulitosha kuwa ridhaa, kwa kuwa walikuwa wamejulishwa haki yao ya kukataa.

BAKARI: Hapo nasimama na Jaji Thomas aliyepinga. Anayeiachia haki ya kikatiba aseme waziwazi.

ZUHURA: Jaji Souter, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alitazama mdaawa anayenyamaza, anangoja matokeo, na akishindwa ndipo anapodai hakuridhia. Hatari hiyo ni ya kweli, ingawa fomu iliyosainiwa mapema ingeizima kwa gharama ndogo sana.

BAKARI: Na mdaiwa ambaye bado hajafikishiwa hati ya madai?

ZUHURA: Mwaka 2017, katika Williams dhidi ya King, Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa, ambayo eneo lake linajumuisha California, iliamua kwamba hata huyo lazima aridhie. Hakimu alikuwa ameyatupa madai ya mfungwa wa California kwa ridhaa ya mfungwa huyo peke yake, na uamuzi huo ukatenguliwa.

BAKARI: Aliyekwisha kusaini anaweza kugeuka?

ZUHURA: Kwa shida. Mdaawa akitaka shauri lirudi kwa jaji lazima aoneshe mazingira yasiyo ya kawaida, na kutopendezwa na uamuzi mdogo wa katikati hakutoshi. Hukumu ikitoka, rufani haipiti kwa jaji wa wilaya; inakwenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani.