Cheti cha Nyaya Si Cheti cha Friji

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kunialika. Najua humu ukumbini wamo wapangaji na wamo wenye nyumba, na karibu wote tunaishi hapa Uingereza, kwa hiyo nitasema na pande zote mbili.

Niingie moja kwa moja kwenye jambo linaloninyima usingizi. Mpangaji akioneshwa ile ripoti ya umeme ya miaka mitano, hudhani kila kitu ndani ya nyumba kimepimwa. Sivyo. Kanuni za mwaka 2020 za nyumba za kupanga za watu binafsi hapa England zinamlazimu mwenye nyumba kuleta fundi mwenye sifa angalau kila miaka 5, akague nyaya za ukutani, soketi, swichi, taa za darini na boksi la fyuzi. Ripoti yake inaitwa EICR. Friji, birika na mikrowevu ulivyovikuta jikoni havimo. Fundi anaweza kuvipita vyote na ripoti ikatoka safi.

Tusisahau Grenfell, lile jengo refu la makazi. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto ule uliochukua roho za watu 72 pale London ulianzia kwenye friji, katika jiko la ghorofa ya 4. Kilichoupandisha hadi juu ni yale mabamba ya nje ya jengo, na hilo lina wahusika wake. Lakini ulikoanzia ni kwenye kifaa kilichochomekwa kwenye soketi.

Wenzetu wa Scotland wameliona hilo: tangu Desemba 2015, vifaa alivyoviweka mwenye nyumba lazima navyo vipimwe, kipimo wanachokiita PAT. Huku England, mwenye nyumba binafsi hana kifungu kinachomtaja kwa PAT. Hata hivyo sheria haijamwachia huru. Vifaa anavyotoa lazima viwe salama, na sheria ya mwaka 2018 inadai nyumba iwe ya kufaa kuishi binadamu, hatari za umeme zikiwemo. Sasa birika likimpiga mtoto shoti, utasimama mbele ya hakimu na nini kama hukupima? Wenye nyumba, nawasihi, pimeni.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Plagi hii niliyoishika ni ileile ya miguu mitatu ya mraba tuliyoizoea Dar na Mombasa. Naifungua... oneni. Waya wa kahawia ndio wa moto, unaoleta umeme, wa bluu ni wa kurudi, wa kijani na njano ni wa ethi, unaopeleka umeme ardhini ukivuja. Na hii hapa ni fyuzi, imeandikwa 13, yaani ampea 13. Plagi hii ilikuwa ya taa ya mezani! Waya wa taa ni mwembamba, unataka fyuzi ya 3. Ikitokea hitilafu ndani ya taa, waya unaweza kuchemka na kuyeyuka huku fyuzi ya 13 ikiwa bado nzima. Kasoro nyingi huonekana hivi hivi, kwa macho, kabla mashine haijawashwa: waya uliochubuka, plagi yenye weusi wa kuungua, mahali palipofungwa utepe wa gundi.

Kisha inakuja mashine. Kwa pasi au birika lenye bodi ya chuma, inapima kama waya wa ethi umeshika kweli kutoka kwenye mguu wa plagi hadi kwenye bodi. Ethi ikikatika, birika litaendelea kuchemsha maji vizuri tu, wala hutajua. Siku waya wa moto utakapogusa bodi, umeme utapita kwa atakayeigusa bodi hiyo. Ndiyo maana mtu hawezi kusema "linafanya kazi, kwa hiyo ni zima."

Naona dada pale anauliza afanyeje kama hajawahi kupewa ripoti. Iombe kwa maandishi. Mpangaji mpya anatakiwa apewe kabla hajahamia. Aliyemo ndani, ndani ya siku 28 tangu ukaguzi. Itazame alama zake: C1 ni hatari iliyopo sasa hivi, C2 ni hatari inayonyemelea, na vyote viwili lazima virekebishwe ndani ya siku 28, au mapema zaidi fundi akisema hivyo. Akikaidi, nenda halmashauri. Kanuni zilipotungwa, faini ilikuwa hadi pauni 30,000, na halmashauri inaweza kuleta fundi wake kwa ridhaa yako, kisha ikamdai mwenye nyumba gharama.

La mwisho ni lile la friji iliyoachwa na mpangaji wa zamani. Mwenye nyumba akikupangishia nyumba na friji imo, ameitoa yeye, asikwambie "hiyo si yangu." Ama aipime, ama aiondoe kabla hujaweka saini, na chochote kitakachobaki kiandikwe kwenye orodha ya vitu vya nyumba. Uliyoinunua wewe mtumba, hiyo ni juu yako, na fundi wa kuipima utamlipa mwenyewe.