Bangi Kwenye Mizani

ZUHURA: Karibuni tena, tuko Ngamiani hapa Tanga, na milio ya bodaboda mtatuvumilia. Leo ni bangi. Kaka Kombo, kuondoa jinai na kuhalalisha ni kitu kimoja?

KOMBO: Hata kidogo, dada. Kuhalalisha ni Kanada, tangu Oktoba 17, 2018: duka, leseni, kodi. Kuondoa jinai ni Ureno, 2001. Kule bangi bado marufuku, ila ukikutwa na kiasi cha matumizi yako ya siku 10, badala ya mahakama unafika mbele ya tume ya watu watatu.

ZUHURA: Siku 10 ni gramu ngapi?

KOMBO: Majani 25. Hashishi, yaani utomvu wa bangi, 5.

ZUHURA: Majani mabichi au makavu?

KOMBO: Ehee! Hapo ndipo penyewe. Kanada gramu 1 kavu inahesabiwa sawa na gramu 5 mbichi. Sasa hapa kwetu, tuseme mche umeng'olewa asubuhi, umepimwa na mizizi na udongo wake. Ukikauka ndani ya bahasha, unafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali umepungua, na wakili anauliza: hizo gramu nyingine zimekwenda wapi? Kesi inaanza kuyumba.

ZUHURA: Na sheria yetu?

KOMBO: Ya 2015, ikarekebishwa 2017. Marekebisho hayo ya 2017 yaliweka hivi: kusafirisha bangi kilo 50 au pungufu, jela miaka 30. Na neno "kusafirisha" lisikudanganye ukadhani ni lori na magunia tu. Limebeba hadi kununua, kuuza na kuhifadhi.

ZUHURA: Kwa hiyo muuza misokoto na mwenye kilo 49 wako kapu moja!

KOMBO: Kapu moja. Mimi hiyo naiona kasoro kubwa kuliko ukali wenyewe.

ZUHURA: Haya, tuseme tunaweka gramu 25 kama Ureno. Wauzaji si watatembea na 24, safari kumi kwa siku?

KOMBO: Watatembea nazo. Ndiyo maana uzito peke yake hautoshi. Unaangalia na vifungashio vidogo vidogo, na fedha za chenji. Lakini kwanza upate mizani. Ile ya kuning'iniza ya pale sokoni Mgandini, gramu 25 mshale hautikisiki! Kituo kinahitaji ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Pima mfuko mtupu, pima na mzigo, toa. Andika kama ni mbichi au kavu, mtuhumiwa akiona, asaini, ndipo ufunge kwa lakiri. Nani kamkabidhi nani, saa ngapi, yote yaandikwe.

ZUHURA: Mikanjuni huko saa nane usiku, mizani itatoka wapi?

KOMBO: Basi funga kwa lakiri palepale, upime kituoni mbele yake. Usikisie. "Takriban gramu 30" ni zawadi kwa wakili.

ZUHURA: Na mbegu?

KOMBO: Kanada punje 1 inahesabiwa sawa na gramu 1 ya bangi kavu, na kubeba hadharani mwisho ni gramu 30.

ZUHURA: Yaani punje 31 kiganjani...

KOMBO: Umeshavunja sheria, na hata jani moja huna.