Meja Dick Hern: jina la farasi, kazi ya vifaru

KESSY: Haya karibuni tena, mi Kessy, niko na dada yangu Mwanaisha hapa ambae kaja na kahawa yake peke yake, mwenzie hata kikombe hakuna.

MWANAISHA: Si ulisema umefunga wewe! Twende, leo nani?

KESSY: Meja Dick Hern, Mwingereza, kazaliwa 1921 huko Somerset. Vita vya Pili alikua askari wa farasi, baadae akawa mkufunzi wa farasi wa mbio. Ila hiyo askari wa farasi isikudanganye ukafikiria mtu kapanda farasi ana upanga mkononi. Kikosi chake kilikua kinaitwa North Irish Horse, horse si ndio farasi, lakini vitani walikua wanaendesha vifaru aina ya Churchill.

MWANAISHA: Kwa hiyo jina farasi, mwili chuma.

KESSY: Chuma kitupu. Wakapigana Tunisia 1943, kule kwenye vilima, halafu wakavuka kwenda Italia, na farasi hakuna hata wa dawa.

MWANAISHA: Sasa kwenye mbio kaingiaje?

KESSY: Vita ilivyoisha akawa anafundisha watu kupanda farasi kwenye chuo kimoja kwao Somerset, Porlock Vale, halafu akawa msaidizi wa rafiki yake waliekua nae jeshini, Michael Pope, ambae alishaanza ukufunzi. 1957 ndio akapewa zizi la kusimamia mwenyewe Newmarket, mji wa mbio za farasi, chini ya tajiri mmoja, Meja Lionel Holliday. Na huyo tajiri aisee, mtihani! Wakufunzi walikua hawakai kwake. Hern akakaa miaka mitano.

MWANAISHA: Hiyo nayo vita ya tatu.

KESSY: 1962 wana farasi anaitwa Hethersett, wanampeleka Derby, mbio kubwa ya pale Epsom, wakiteremka kilima farasi saba wakaanguka, na yeye mmojawapo. Watu wakasema basi imeisha hiyo. Septemba akaamka akachukua mbio nyingine kubwa, St Leger, na Hern akawa mkufunzi bingwa wa Uingereza.

MWANAISHA: Subiri hapo, kwa asiejua. Mkufunzi anafanya nini hasa? Maana anaepanda ni joki.

KESSY: Joki anakuja mwisho kama mchezaji. Mkufunzi ndio kocha, daktari, na mama mzazi. Kuna kitu nakipenda sana, jioni kule mkufunzi anapita banda kwa banda, anainama anashusha mkono taratibu kwenye mguu wa farasi kuanzia goti kushuka chini, anasikilizia joto. Kakiwepo kajoto kidogo tu, huyo kesho hakimbii. Yaani pesa yote ile ya tajiri inategemea kiganja cha mtu.

MWANAISHA: Kama mama na mtoto mwenye homa.

KESSY: Hivyo hivyo. Basi Hern akahamia zizi la West Ilsley, na huko ndio jina likapaa. Farasi wake Brigadier Gerard kakimbia mara 18 kashinda 17! Halafu akawa anafundisha farasi wa Malkia Elizabeth, kuna jike anaitwa Highclere, 1974 kashinda Uingereza na Ufaransa. Mshike huyo Highclere, nitamrudia.

MWANAISHA: Nimeshamshika.

KESSY: Desemba 1984 Hern yuko kwenye uwindaji na farasi, akaanguka akavunjika shingo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kitu, kiti cha magurudumu maisha yake yote yaliyobaki.

MWANAISHA: Jamani. Na vile viganja vya jioni?

KESSY: Ndio hapo sasa. Akaendelea na kazi, mazoezi anayaangalia akiwa ndani ya gari. 1988 moyo nao, akafanyiwa operesheni, na mwaka huohuo akaambiwa mkataba wake wa West Ilsley hauongezwi. Mwenye zizi ni nani? Malkia.

MWANAISHA: Mgonjwa anaambiwa ahame?! Hapana, hapo mi simtetei mtu.

KESSY: Watu wa mbio walikasirika sana, na mi nawaelewa. Ila sikia kisa chenyewe. Highclere alizaa jike, Height of Fashion, Hern ndie aliemfundisha. 1982 Malkia akamuuza kwa Sheikh Hamdan wa Dubai, na hela ya yule jike ndio iliyonunulia hilo hilo zizi la West Ilsley.

MWANAISHA: Weee!

KESSY: Bado. Yule jike akafika kwa Sheikh akazaa dume, Nashwan, na Sheikh akampeleka kwa nani? Kwa Hern. 1989, mzee yuko kwenye kiti, notisi ya kuhama mkononi, Nashwan akashinda mbio ya 2000 Guineas pale Newmarket, akashinda Derby kwa urefu wa farasi watano, halafu mbio za Eclipse, halafu za King George. Hakuna farasi aliewahi kubeba hizo nne mwaka mmoja kabla yake.

MWANAISHA: Na jina Nashwan ni Kiarabu, mtu aliejaa furaha mpaka amelewa. Ukoo mmoja na nishai yetu.

KESSY: Kumbe! Basi Nashwan alivyoshinda ile Guineas pale Newmarket watu walimpigia mzee makofi ya nguvu, sio joki, mzee. Baadae Sheikh akamuweka Hern kwenye zizi lingine Lambourn, akafundisha mpaka 1997, akafariki 2002.

MWANAISHA: Mi bado niko kwa yule mama yake Nashwan. Kauzwa, kanunua nyumba, kaenda kuzaa mtoto wa kumfuta machozi aliefukuzwa kwenye nyumba ileile.

KESSY: Na hata nyasi hakuongezewa.