Miksa ya transmita na ile megahezi 13

Asanteni kwa kuja, na poleni na foleni. Walioko nyuma, feni ikizidi sauti yangu nyoosheni mkono.

Ukisimama Ocean Road jioni unaziona meli zimetia nanga, zinangoja zamu ya kuingia bandarini. Mabaharia wana vipande vyao kwenye mawimbi mafupi, na kimojawapo kinaanzia megahezi 12.23 hadi 13.2. Transmita ya kwanza niliyoijenga kwa mikono yangu ilikuwa ya megahezi 14, ya wapenzi wa redio. Siku moja nikawasha redio ndogo ya mawimbi mafupi pembeni yake, nikazungusha kitufe, nikajisikia mwenyewe kwenye megahezi 13. Ni sauti yangu kabisa, hafifu lakini inaeleweka. Nashukuru nilikuwa natumia mzigo wa omu 50, yaani rezista inayomeza nguvu ya transmita, na si antena, la sivyo ningekuwa nimeingia nyumbani kwa watu bila hodi.

Sauti ile ilitoka kwenye miksa, na ndiyo iliyonifundisha miksa ni kitu gani.

Watu husema miksa inachanganya mawimbi. Neno hilo linapotosha kidogo. Ukichanganya kwa kujumlisha tu, kama sauti mbili kwenye spika moja, hupati masafa mapya. Miksa inazidisha. Zidisha wimbi la megahezi 9 kwa wimbi la megahezi 5, utapata jumla yake, 14, na tofauti yake, 4. Hiyo ni hesabu ya sekondari, ile ya kosaini mbili zilizozidishwa. Edwin Armstrong alijenga juu ya wazo hilo redio yake ya superheterodaini mwaka 1918, na hadi leo redio nyingi zinaishi humo.

Sasa, miksa halisi, yaani daiodi nne zilizofungwa kwa duara pamoja na transfoma mbili, haizidishi kwa upole kama kwenye daftari. Osileta, sakiti inayotengeneza lile wimbi la 5, inazifungua mbili, kisha mbili nyingine, na kila zamu ishara yako, ile ya 9 iliyobeba sauti, inageuzwa juu chini. Kugeuza kwa ghafla namna hiyo kunaleta pia mara tatu ya osileta, mara tano yake, na kuendelea. Ishara nayo ikiwa kubwa inazaa mara mbili yake, mara tatu yake. Vyote hivyo vinajumlishwa na kutolewa. Mara mbili ya 9 ni 18, toa 5, inabaki 13. Meli zetu ndizo hizo. Mara tatu ya 5 ni 15, mlangoni kabisa pa redio za utangazaji za kimataifa.

Ile 4 hainisumbui, kichujio chochote kinaiondoa. Lakini 13 na 15 zimekaa ubavuni mwa 14, kushoto na kulia, na kichujio cha koili mbili hakiwezi kuzikata vizuri. Ndiyo maana nawasihi: kabla hujashika solda, chukua karatasi uandike mazao yote hadi daraja la tano. Daraja ni mara za ishara ukijumlisha na mara za osileta: ile 13 ni mbili na moja, daraja la tatu. Nusu saa ya kalamu itakuokoa wiki nzima ya kuhangaika.

Mpango wa 9 na 5 ni wa zamani, na ulikuwa na sababu. Osileta ya koili na kapasita hutulia vizuri kwenye megahezi 5 kuliko huko juu. Leo chipu ndogo ya osileta kama Si5351 inakupa 23 iliyotulia bila jasho. Toa 9, unapata 14 ileile, ila ukanda wa sauti unageuka upande, wa juu unakuwa wa chini, kwa hiyo kumbuka hilo mapema. Je, 13 imekufa? Hapana. Mara nne ya 9 ni 36, toa 23, hiyo hapo tena. Lakini sasa ni daraja la tano, si la tatu, na ukiilisha miksa kwa kiasi huisikii. Mimi ningechagua 23.

Kuhusu kulisha. Miksa ya daiodi ya kawaida inataka miliwati 5 za osileta. Ishara yako iwe ndogo sana kuliko hapo, mimi huiweka kwenye miliwati 0.1. Miksa yenyewe itakula desibeli 6 hivi, yaani itabakiza robo ya nguvu, na hapo ndipo mafundi wengi hushawishika kuongeza ishara ili waokoe hatua moja ya amplifaya. Msifanye hivyo. Uchafu wenye mara mbili ya ishara, kama ile 13, hupanda desibeli 2 kila ishara inapopanda 1, na wenye mara tatu hupanda 3. Transista moja ya ziada ni bei rahisi kuliko uchafu huo. Na kati ya miksa na kichujio weka rezista tatu, ya omu 18 katikati na mbili za omu 300 kwenda ardhi ya sakiti. Kichujio hurudisha nyuma kila kisichokitaka, na bila rezista hizo vyote vinarudi ndani ya miksa kuchanganywa upya.

Sasa tuje kwenye mikono. Ile 13 ya mpango wa zamani huzimwa na usawa: daiodi zikifanana na transfoma zikilingana nusu kwa nusu, mazao yenye mara mbili ya ishara yanajifuta. Zangu hazikufanana. Nilizing'oa kwenye bodi kuukuu, nikazipima kwa mita, namba zikaonekana sawa, kumbe nilikuwa nazishika kwa vidole. Volti ya daiodi hushuka milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa joto la Dar, na kidole juu yake, unapima mkono wako. Ishike kwa koleo, ngoja namba itulie, andika, nenda nyingine. Chagua nne zilizokaribiana zaidi.

Transfoma nayo: kiringi cha feraiti saizi ya kifungo cha shati, nyaya tatu zilizosokotwa pamoja, mizunguko kumi. Zitie alama kabla ya kusokota. Ukigeuza waya mmoja, osileta yote inatoka kwenye mlango wa kutokea wa miksa.

Kurusha hewani ni jambo lenye leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa hiyo hapa mezani tuna mzigo wa omu 50 tu. Ile miksa yangu ya kwanza ipo, na ya pili yenye daiodi zilizopimwa kwa koleo ipo. Redio nimeiweka kwenye megahezi 13. Njooni watano watano, mmoja aongee kwenye maiki, wengine tegeni sikio.